Maisha ya Bibi Titi Mohamed na Mazingatio Yaliyomo

Katika darsa yetu hapa Kinanie, ambayo wengi wa wahudhuriaji wake ni watu wa miji ya pwani waliofuata kazi huku Machakos, mabinti walituletea suala ambalo tumeona si haki kulijibu kwa maneno mawili matatu. Walitaka kujua kama katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki alipata kutokea mwanamke wa Kiislamu aliyesimama katika mambo ya dola, na kama alitokea, alipata nini na alipoteza nini. Tumeona bora jawabu tuiweke katika kurasa hizi, ipate kusomwa na ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kwengineko, kwani jambo lenyewe lawahusu wao kuliko lituhusuvyo sisi tulio mbali na bahari.

Kabla ya kuisimulia khabari yenyewe, yapasa tuseme neno moja ili msomaji asije akadhani kuwa twaleta jambo geni katika dini. Siku ya mapatano ya Akaba ya pili, walipokuja watu wa Madina kumpa Mtume ahadi ya kumlinda, walikuwamo wanawake wawili, na mmoja wao ni Nusaiba binti Kaab. Na siku ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, sahaba walipolemewa na huzuni wasisimame upesi kuchinja na kunyoa, rai iliyoifungua shida ile ilitoka kwa Ummu Salama, naye Mtume aliifuata. Maulamaa wamekhitalifiana juu ya mwanamke kushika ukubwa wote wa dola, na khitilafu hiyo hatukusudii kuimaliza hapa. Walakini hawakukhitalifiana kuwa mwanamke ana rai, kwamba rai yake hutakwa na husikizwa, na kwamba mali yake ni yake mwenyewe. Wala pwani yetu haikuwa ngeni kwa wanawake watawala, kwani Unguja mwishoni mwa karne ya 17 ilikuwa na malkia, jina lake Fatuma. Basi na tuingie katika makusudio yetu.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika nyumba ya Waislamu wenye asili ya Wamatumbi, watu wa kusini ya Rufiji. Alipokuwa mdogo alitiwa chuoni akasoma Kurani, kama walivyosoma watoto wote wa mji wakati ule. Ama skuli ya serikali, baba yake hakuiridhia, kwani alichelea kwamba binti yake angetoka humo hali ameiacha dini yake. Ni mama yake aliyekuja kumtia katika skuli ya wasichana, naye akasoma madarasa ya chini tu. Hata alipobaleghe akawekwa ndani, kwa mujibu wa desturi, asitoke wala asionekane, na akiwa angali kijana sana akaozwa mume aliyempita umri kwa mbali.

Hatusemi haya kwa kumtukana mzee yule. Khofu yake ilikuwa na asili yake, kwani skuli nyingi za zama zile zilikuwa mikononi mwa wamishionari, na mtoto aliyeingia humo mara nyingi alibadilishwa jina kabla hajajua kuandika jina lake la kwanza. Lakini ile ya serikali haikuwa ya kanisa, na kuziogopa zote kwa pamoja kulikuwa ni kuukimbia moto na kuliacha jiko pia. Katika miaka ileile ambayo Titi alikuwa mtoto, yaani mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alikuwa akitoa gazeti lake la Al-Islah hapo Mombasa, akiwalingania Waislamu waamke, wasome dini yao kwa ujuzi na wasiiache elimu ya dunia ikawa ya wengine peke yao. Waliomsikia walikuwa wachache, na waliofuata walikuwa wachache zaidi. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwani tutalirejea.

Bibi Titi alipokuwa mtu mzima alijulikana mjini kwa sauti yake. Dar es Salaam ya baada ya Vita Vikuu vya Pili ilikuwa imejaa vyama vya ngoma vya wanawake, kila mtaa na chama chake, na kila chama na viongozi wake, hazina yake na sare yake. Bibi Titi alikuwa mwimbaji mkuu wa chama kimoja kilichoitwa Bomba. Sisi watu wa islahi rai yetu juu ya ngoma hizo yajulikana: humo mlikuwa na israfu ya mali, na mashindano ya mavazi, na matusi ya kutupiana katika nyimbo, na hayo hatuyahalalishi leo kwa sababu yalikuja kupata faida fulani. Lakini uadilifu ni wajibu. Ndani ya vyama vile wanawake wasiojua kusoma walijifunza kuchagua kiongozi, kukusanya fedha na kuzitunza kwa amana, kuitana kwa haraka, kuzikana na kuuguzana. Ustadi huo haukuwa haramu, na ndio uliokuja kutumika.

Tarehe 7 Julai 1954 kikaasisiwa chama cha TANU, kiongozi wake akiwa Julius Nyerere, mwalimu aliyerejea kutoka Edinburgh na shahada yake. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kujiandikisha walikuwamo Bibi Titi na mumewe wa wakati ule, Boi Selemani, aliyekuwa dereva wa teksi. Kadi ya mume ilikuwa namba 15 na ya mke namba 16. Msomaji na aizingatie namba hiyo, kwani wapo wengi waliokuja kuwa wakubwa baadaye ambao siku ile walikuwa bado wakitazama upepo wavuma wapi.

Mwaka uliofuata, 1955, alifika Dar es Salaam mjumbe wa chama cha Leba cha Uingereza, John Hatch. Alipoonyeshwa viongozi wa TANU na wanachama wao, aliuliza walipo wanawake. Suala lile liliwafedhehesha wakubwa wa chama, kwani wao wenyewe wake zao walikuwa majumbani na hapakuwa na aliyekuwa tayari kusimama hadharani. Ndipo Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa mji waliolitumikia jambo lile kwa nguvu, alipomwendea Bibi Titi. Basi akatolewa mwanamke ambaye hajapata kuhutubia mkutano wa siasa, akakabidhiwa uongozi wa sehemu ya wanawake wa chama, na Tatu binti Mzee akawa pamoja naye katika kazi hiyo.

Hakwenda kutafuta wanawake wenye elimu, kwani walikuwa wachache, na waliokuwapo wengi wao waume zao walikuwa makarani wa serikali. Aliwaendea viongozi wa vyama vya ngoma mmoja mmoja, akawaeleza. Kila kiongozi aliyekubali alikuja na watu wake wote, kama vile mtu avutaye uzi mmoja ukaja na wavu mzima. Kufikia Oktoba ya mwaka uleule, wanawake kama 5,000 walikuwa wamekwisha kujiandikisha katika TANU. Hesabu kama hiyo, katika mji kama ule, kwa muda wa miezi michache, wanaume wa chama hawakuwa wamepata kuiona.

Hapa yafaa tueleze sababu, maana watu wengi husimulia jambo hili kama muujiza, nalo si muujiza. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetoa amri mwaka 1953 kuwakataza watumishi wake kuingia katika vyama vya siasa. Kwa amri ile, karani, mwalimu wa skuli ya serikali na muuguzi wote walifungwa midomo, kwani atakayeonekana na kadi atapoteza mkate wake. Lakini ni nani awezaye kumfukuza kazi mwanamke auzaye vitumbua mlangoni pake? Ni nani awezaye kumnyima mshahara mwanamke aishiye kwa kodi ya vyumba viwili alivyorithi kwa mamake? Wanawake hawa walikuwa na uhuru ambao wasomi hawakuwa nao. Walibeba kadi chini ya kanga, wakaziuza nyumba kwa nyumba. Wakawaficha wageni wa chama, wakawapikia. Na penye haja ya fedha wapo waliotoa mapambo yao ya dhahabu yakawekwa rehani. Bibi Titi alilijua hilo kwa kuwa alikuwa mmoja wao, akalitumia.

Kisha akaanza kusafiri. Katika miaka ile hadi uhuru alikwenda majimbo mengi ya Tanganyika, mara pamoja na Nyerere, mara mbele yake kumtengenezea njia. Alikuwa akipanda jukwaani kwa buibui au kanga yake, akisema Kiswahili cha mjini ambacho kila mtu alikifahamu. Maana ya maneno yake, kwa kadiri yalivyohifadhiwa na waliomsikia, ni kwamba wanaume wote wanaotawala na wanaotawaliwa wametoka matumboni mwa wanawake, basi mwanamke hana haki ya kujidharau wala kuogopa. Wenye skuli walikuwa wakizieleza sheria za Umoja wa Mataifa juu ya nchi ya udhamini. Yeye alikuwa akiwafanya watu wasadiki kwamba jambo lenyewe lawezekana. Kazi mbili hizo zilihitajiana, na lau ingalikosekana moja, ya pili isingalifika mbali.

Wala msomaji asidhani kwamba mambo hayo yalikuja bila ya gharama. Mwanamke aliyetoka kwenda mikutanoni alisemwa vibaraza vyote vya mji. Wako waliopewa talaka kwa sababu ya kadi, na ndoa ya Bibi Titi mwenyewe haikusalimika. Sisi twashikilia kwamba nyumba ina haki zake na mume ana haki zake, na safari za mwanamke zina adabu zake katika sheria. Lakini twauliza pia: wanaume waliokwenda kumwomba atoke, wakafurahi kwa matunda ya kutoka kwake, walifanya nini kuihifadhi nyumba yake? Hilo ni suala la haki, nalo halina jawabu nzuri.

Mwaka 1958 na 1959 ukafanywa uchaguzi wa kwanza wa kura katika Tanganyika, na masharti ya mpigakura yalikuwa haya: awe amefika darasa la nane, au awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, au awe na cheo kimojawapo cha vile vilivyotajwa. Tazama, ewe msomaji, jinsi mlango ulivyokatwa kwa kipimo. Wale wauza vitumbua waliokijaza chama, wengi wao wakabaki nje ya mlango huo, kwani darasa la nane hawakulijua na pato lao lilikuwa la senti. Bibi Titi aliyewaamsha maelfu, elimu yake ya skuli haikufikia kile kilichotakwa. Hii ilikuwa dalili ya mapema kwamba nchi inayokuja itapimwa kwa karatasi, na kwamba sauti, hata iwe kubwa namna gani, haiandikwi cheti.

Uhuru ukapatikana tarehe 9 Disemba 1961. Bibi Titi akawa Mbunge, akapewa na cheo cha waziri mdogo. Mwaka 1962 sehemu ya wanawake ya TANU ikageuzwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yaani UWT, naye akawa mwenyekiti wake. Mwezi Julai wa mwaka huohuo wanawake wa nchi mbalimbali za Afrika wakakutana Dar es Salaam wakaunda jumuiya yao, na tarehe 31 Julai imekuwa ikiadhimishwa tangu hapo kuwa siku ya mwanamke wa Afrika. Aliyekuwa mwenyeji wao hapo mjini ni yule binti aliyewekwa ndani, ambaye babake alimchelea skuli. Kwa muda wa miaka michache alikuwa ndiye mwanamke mashuhuri kuliko wote katika nchi ile.

Lakini mambo ya dola yana misimu. Mwaka 1965 ulifanywa uchaguzi wa kwanza chini ya utaratibu wa chama kimoja. Katika majimbo mengi walisimamishwa watu wawili wa chama hichohicho, mmoja alama yake jembe na mwengine nyumba, na watu wakapewa kuchagua. Wakubwa kadha wa serikali walianguka, na Bibi Titi naye akakipoteza kiti chake cha Rufiji. Hatukuona kwamba alikasirikia raia kwa hilo. Aliendelea na kazi ya chama na ya UWT.

Pigo la pili likaja mwaka 1967. Mwezi Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, na ndani yake mlikuwa na masharti ya viongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, wala asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba alizozijenga kwa mkopo, akizipangisha. Akajiuzulu uongozi wake wa juu katika chama na katika UWT, kuliko kuziacha.

Watu wengi humlaumu kwa jambo hili, na wengi humtetea, nasi twapenda kulipima kwa mizani ya uadilifu. Makusudio ya Azimio hayakuwa maovu. Viongozi kujilimbikizia mali katika nchi ya mafukara ni dhambi hata katika sheria yetu, na Sayyidna Umar alikuwa akiwahesabu magavana wake mali zao. Lakini nyumba ya kupangisha kwa mwanamke wa pwani si kama nyumba ya kupangisha kwa waziri aliyesoma. Waziri aliyesoma, akitoka serikalini, ana shahada. Huenda akafundisha, akawa wakili, akaajiriwa na shirika. Mwanamke asiye na cheti, ambaye ndoa yake yaweza kukatika kwa neno moja na ambaye kiti chake kimekwisha kupotea, hana pensheni ila vyumba vyake. Hiyo ndiyo hekima ya mama zetu wa Mombasa, na Lamu, na Dar es Salaam tangu zamani: wakipata dhahabu huigeuza ukuta, na ukuta huwasitiri uzeeni. Kisheria ile ilikuwa mali yake, haina ubia wa mume wala wa ndugu. Sharti lilikuwa moja kwa wote, lakini uzito wake haukuwa mmoja kwa wote.

Pigo la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote. Mwezi Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na wenziwe, miongoni mwao Michael Kamaliza aliyekuwa Waziri wa Kazi, na maafisa wa jeshi. Walishitakiwa kwa uhaini, yaani kufanya njama za kuipindua serikali, na ilielezwa kuwa mkuu wa njama hizo ni Oscar Kambona, aliyekuwa waziri akakimbilia London mwaka 1967. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, ikaendelea kwa siku 127. Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Potlako Leballo, mkuu wa chama kimoja cha wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini. Bibi Titi alikana, naye hakuacha kukana hata baadaye. Mahkama ikamtia hatiani, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Sisi hatukai mahali pa kadhi katika kesi ile. Aliye na ilimu ya yaliyomo vifuani ni Mwenyezi Mungu peke yake, naye ndiye atakayehukumu baina ya waja wake siku ambayo hapana wakili. Tusemalo ni lile lililoonekana na kila mtu: mwanamke ambaye miaka kumi kabla alikuwa akipokewa kwa vigelegele katika kila mji, aliingia gerezani, na mji ukanyamaza. Akiwa humo ndani ilimfika talaka ya mumewe wa wakati ule. Mwaka 1972 Rais Nyerere akampa msamaha, akatoka. Alipotoka alikuta milango aliyokuwa akiingia bila ya kubisha hodi imefungwa. Marafiki wengi waliogopa kuonekana naye. Kwa muda wa miaka mingi jina lake halikutajwa katika sherehe ambazo lau si yeye na wenziwe zisingalikuwako.

Hapa ndipo penye mazingatio yetu makubwa. Katika dini yetu, kumtembelea mfungwa na aliyeanguka ni katika haki za Mwislamu kwa Mwislamu. Wala haki hiyo haikusharutizwa na kuwa mfungwa hana kosa. Mtu akihukumiwa, hukumu yake yatosha. Haikuongezwa juu yake kwamba majirani wasimtolee salamu. Na jamii inayomsahau mtumishi wake siku moja baada ya kuanguka, huwafundisha vijana wake kwamba kuwatumikia watu ni hasara. Jambo hilo hudhuru mji kuliko kudhuru mtu mmoja.

Bibi Titi aliishi kwa subira. Mwaka 1991, ilipotimia miaka 30 ya uhuru wa Tanganyika, jina lake lilirejeshwa hadharani, akatajwa miongoni mwa mashujaa. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali ya Johannesburg. Katikati ya Dar es Salaam iko barabara kubwa yenye jina lake, nayo yapita karibu na Mnazi Mmoja, uwanja ule ambao watu walikuwa wakikusanyika katika siku za kudai uhuru. Kila siku maelfu ya watu hulitaja jina hilo kwa makondakta wa daladala, na huenda wengi wao hawajui mwenye jina alikuwa nani.

Na ni nani aliyetuhifadhia khabari zake? Sehemu kubwa ya tunayoyajua tumeyapata kwa sababu mwanachuoni wa Kimarekani, Susan Geiger, aliketi naye na wanawake wenziwe akayaandika maisha yao, na kitabu chake kikatoka mwaka 1997. Mwaka mmoja baadaye Mohamed Said wa Dar es Salaam akatoa kitabu chake juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, akawakumbusha watu khabari za Waislamu wa mji ule waliokuwa msingi wa TANU. Twawashukuru wote wawili. Lakini msomaji na ajiulize: katika misikiti yote ya pwani, na madarasa yote, na wazee wote waliokuwa wakijua kuandika kwa herufi za Kiarabu na za Kizungu, ilikuwaje mpaka atoke mgeni ng'ambo ya bahari kuja kuuliza? Waislamu wa kale waliandika tabaka za wanawake, wakataja majina ya wapokezi wa hadithi wa kike, nani alisoma kwa nani na alifariki mwaka gani. Kazi hiyo ilikuwa ni sehemu ya elimu, haikuwa anasa.

Sasa na tulirejee lile tulilomwomba msomaji aliweke moyoni. Tukiyatazama maisha haya toka mwanzo hadi mwisho, twaona kwamba Mwenyezi Mungu alimpa mwanamke huyu akili, ushujaa, sauti na mapenzi ya watu. Lililopungua ni moja, nalo si Mola wake aliyemnyima, ni desturi ya watu wake: hakupewa elimu iliyolingana na akili yake. Kwa hiyo alipohitajiwa mtu wa kuwakusanya watu, aliitwa yeye. Na ilipokuja zamani ya kuandika sheria, kupima masharti na kujaza nafasi, walikaa wenye vyeti. Yeye aliijua njia ya kuifikia dola, lakini hakupewa silaha za kuishi ndani yake. Na lililompata yeye mmoja ndilo lililoupata umma wa pwani kwa jumla, katika Tanganyika na katika Kenya: kuwa wa mbele katika kudai, na wa nyuma katika kugawiwa. Wako wanaosema kuwa sababu ni dhulma ya wengine. Dhulma ilikuwako, hatuikanushi. Lakini mwenye kudhulumiwa akiwa na kalamu huandika mashitaka yake, na asiyekuwa nayo hulia tu.

Leo mambo yamebadilika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka viti 47 vya wawakilishi wanawake katika Bunge, kimoja kwa kila kaunti, na mabinti wa Kiislamu wa Mombasa, Kwale, Lamu na Tana River wana haki navyo kama wengine. Mwezi Machi 2021 mwanamke wa Kiislamu kutoka Unguja, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania. Mtu na awe na rai yake juu ya siasa za huyu au yule. Tutakalo sisi ni kuonyesha kwamba mlango ambao zamani ulikuwa ukibishwa hodi sasa u wazi, na aingiaye bila ya elimu na bila ya dini atadhurika, awe mwanamume au mwanamke.

Basi wasia wetu kwa ndugu zetu ni mambo manne. La kwanza: binti asitolewe skuli kwa ajili ya khofu ambayo dawa yake ni kumsomesha dini yake vizuri. Aliyefahamishwa imani yake haogopewi kitabu, na aliyewekwa ndani bila ya kufahamishwa hana kinga akitoka. La pili: mali ya mwanamke iandikwe kwa jina lake, na hati iwe mkononi mwake. Mwanamke aliyejenga kwa jasho lake asibaki akitegemea huruma ya mume, ya kaka, au ya chama. La tatu: aliyeanguka atembelewe. Iwe amehukumiwa kwa haki au kwa makosa, watoto wake ni watoto wetu, na salamu haifungwi pamoja na mtu gerezani. La nne: kila msikiti na kila darsa iandike khabari za wazee wake wa kike kabla hawajaondoka, mama aliyefundisha Kurani mtaa mzima, mama aliyetoa kiwanja cha madrasa, mama aliyewakusanya wenziwe kwa ajili ya maji au kura. Kijana mwenye daftari na kalamu yatosha kuianza kazi hiyo Ijumaa hii.

Bibi Titi hakuwa malaika, wala hatukumsimulia ili mabinti wafuate kila hatua yake. Katika maisha yake mna ya kufuatwa na mna ya kuepukwa, kama ilivyo katika maisha ya kila mwanadamu asiyekuwa nabii. Lakini mtu aliyewafumbua macho maelfu ya mama zetu wakajiona kuwa ni watu, kisha akaonja cheo, na gereza, na upweke, na asiiache dini aliyolelewa nayo, ana haki juu yetu ya kutajwa kwa wema na kuombewa. Twamwomba Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake, ayapokee mema yake, amrehemu yeye na wale wauza vitumbua ambao majina yao hayakuandikwa popote ila Kwake. Na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wasikiao neno wakafuata lililo bora.